Nani Kasema Lori Linakuja?

Ilipofika mwezi wa tatu wa ugonjwa, watu walikuwa wameacha kusalimiana mlangoni mwa supamaketi. Walichunguliana vikapu. Mtu akitoka na mfuko uliovimba upande mmoja, shingo zote kwenye foleni ziligeuka pamoja na minong'ono ikaanza: huyo kapata wapi, na sisi tumeambiwa zimekwisha?

Katikati ya macho hayo yote alisimama mlinzi wa mlangoni, mwanamke wa miaka arobaini na kitu ambaye wenzake walimwita Koplo. Hakuwa askari wala hakuwahi kuwa. Jina alilipata kwa jinsi alivyoipiga pasi sare yake mpaka mikunjo ikasimama yenyewe, na kwa jinsi alivyokagua mifuko: kimya, bila kuchekacheka, macho yakitangulia mikono. Kabla ya ugonjwa kazi yake ilikuwa kutazama risiti na kuwakataza watoto wasipande matoroli. Sasa alikuwa na chupa ya dawa ya mikono kiunoni, kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, na amri ya meneja iliyobandikwa kwenye kioo nyuma yake: kila mteja sabuni mbili, sukari pakiti moja, mafuta ya kupikia chupa moja, basi.

Watu aliowajua miaka nenda miaka rudi aliwaona wakibadilika mbele ya macho yake. Mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake, alijaribu kupita na sabuni sita ndani ya koti. Mwanamke mmoja alikuja asubuhi na kilemba cheusi, akarudi saa nne na kilemba chekundu, akarudi tena saa sita kichwa wazi na miwani ya jua, akidhani Koplo anatazama vitambaa na si mwendo. Mwanamume mmoja alikohoa kwenye foleni, mara moja tu, labda vumbi. Watu wakamkimbia mpaka akabaki peke yake, naye akaitumia nafasi hiyo kusogea mbele kabisa. Kesho yake wakakohoa watatu.

Hayo yote Koplo aliyaweza. Kilichomkosesha usingizi ni lori.

Mizigo ililetwa na lori kutoka ghala kuu, na tangu ugonjwa uingie lori hilo halikuwa na siku maalumu. Ghala lilipiga simu siku moja kabla, likasema kesho, basi. Meneja aliamua siku hiyo iwe siri ili watu wasirundikane. Waliojua walikuwa watatu tu: yeye mwenyewe, mtunza stoo aliyepokea mizigo, na Koplo aliyefungua geti la nyuma. Hata dereva alipewa karatasi ya safari asubuhi ileile. Lakini kila lori lilipokunja kona, lilikuta watu hamsini, sitini, wameshapanga foleni tangu alfajiri, vikapu mkononi, wametulia kama watu walioalikwa. Saa mbili, wateja wengine walipoanza kuja, rafu zilikuwa zimebaki mbao tupu.

Mara ya nne mambo yaliharibika. Watu wa nyuma walisikia kwamba sabuni haitawafikia, wakasukuma. Kioo cha mlango kikapasuka, mzee mmoja akaanguka akakanyagwa mkono, na keshia mmoja akatoka na mkwaruzo shavuni. Jioni ile meneja akamwita Koplo ofisini, akafunga mlango.

"Kuna mtu anatoa siri," alisema. Alikuwa mtu mwembamba, na hofu ilikuwa imemkondesha zaidi. "Tuko watatu. Mimi sina wazimu wa kujiharibia kazi. Wewe nakuamini. Sasa amebaki nani?"

Aliyebaki alikuwa Shangazi.

Mtunza stoo aliitwa Shangazi na kila mtu, hata na meneja akijisahau. Alikuwa mama wa miaka hamsini na tano, mnene kiasi, mwenye kicheko kilichosikika mpaka rafu za mwisho. Funguo zake alizifunga kwa kamba ya kiatu na kuzitundika shingoni. Ndiye aliyempokea Koplo siku ya kwanza ya kazi na kumwonyesha wapi pa kuficha chakula chake kisiliwe na wenzake. Mwaka uliotangulia, binti yake Koplo alipolazwa hospitali, Shangazi alikaa naye kitandani siku mbili mchana kutwa ili mama mtu asikose kazi.

Lakini meneja alishapanda mbegu, na mbegu hiyo haikuhitaji maji mengi. Koplo alianza kumwekea jicho. Aliona kwamba Shangazi siku hizi hacheki. Aliona kwamba simu yake ikiita anaichukua mbiombio na kwenda nyuma ya makreti ya soda, akiongea kwa sauti ya chini, mkono mdomoni. Aliona mkoba wake, uliokuwa bapa zamani, sasa unatoka umejaa. Jioni moja alimwomba aufungue mlangoni kama wafanyakazi wengine.

Shangazi aliukumbatia ule mkoba kifuani. "Leo mimi pia, Koplo?"

"Ni utaratibu, Shangazi. Wote."

"Miaka sita sijafunguliwa mkoba. Nifungue leo, watu wakitazama?" Akapita. Koplo akamwacha apite, lakini moyoni aliandika.

Siku mbili baadaye ghala likapiga simu: lori kesho. Mchana uleule Koplo alikwenda stoo kuchukua utepe wa kubandika sakafuni, akamsikia Shangazi nyuma ya makreti: "Kesho asubuhi. Usichelewe. Na tafadhali, usimwambie mtu yeyote."

Koplo alisimama pale na utepe mkononi mpaka nyayo za Shangazi zikapotea. Kisha akapanda ngazi mpaka kwa meneja, akamweleza yote, neno kwa neno.

Shangazi alisimamishwa kazi asubuhi iliyofuata, lori lilipokwisha kushusha na foleni ya alfajiri ilipokwisha kumaliza kila kitu kama kawaida. Hakupiga kelele wala hakuuliza aliyemsema. Alivua zile funguo shingoni, akazikabidhi, akamwambia keshia aliyepewa kushika nafasi yake, "Mlango wa chumba cha baridi unakwama. Uunyanyue kwanza ndipo uvute, la sivyo utakuumiza mgongo." Akachukua mkoba wake akatoka kwa mlango wa mbele, mbele ya Koplo, bila kumtazama.

Jioni hiyo Koplo alifika nyumbani, akaoga uani kabla ya kugusa chochote, akabadilisha nguo, akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na cherehani ya mumewe.

Mumewe alikuwa fundi nguo. Zamani alishona magauni ya harusi na suti za mahafali. Ugonjwa ulipokuja sherehe zote zikafa, na mwezi mzima hapakuwa na aliyebisha hodi. Ndipo akaanza kushona barakoa pale barazani, na wateja wakarudi. Wiki hiyo vitambaa vilipomwishia madukani, alishusha mapazia ya sebuleni, yale ya kijani yenye maua makubwa ya njano, akayakata. Koplo alinung'unika siku moja, akaacha. Kwa kusikiliza, mume huyo hakuwa na mpinzani. Kila jioni mkewe alimwaga mbele yake yote yaliyompata kutwa, naye aliinamisha kichwa juu ya sindano akiitikia mhm, mhm, eti kweli?

"Leo wamemtoa Shangazi," Koplo alisema.

Cherehani ikanyamaza. "Kwa kosa gani?"

"Ndiye aliyekuwa akitoa siri ya lori."

"Shangazi?" Fundi alimtazama mkewe, kisha akatazama kitambaa. "Mna hakika?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Mhm," alisema fundi, na cherehani ikaanza tena, lakini polepole.

Siku tano zikapita. Ghala likapiga simu. Safari hii waliojua walikuwa wawili tu, meneja na Koplo. Jioni Koplo alimwambia mumewe kwamba kesho atawahi kuondoka, lori linakuja, na angalau kesho atafanya kazi kwa amani. "Ila yaishie hapahapa," aliongeza, kama alivyoongeza siku zote.

"Nitamwambia nani, cherehani?" mumewe akamjibu.

Alfajiri, Koplo alipokunja kona ya supamaketi, foleni ilikuwepo. Ilikuwa ndefu kuliko zote.

Kwanza alimfikiria meneja, akakumbuka jinsi alivyosema sina wazimu, akajiambia kumbe ni yeye, kumbe alinitanguliza mimi kama ngao. Alichukua kipimajoto akaanza kupita foleni toka mwanzo, mtu mmoja mmoja, akiwatazama usoni kama anayetafuta mwizi kwenye gwaride la utambuzi. Mtu wa kwanza, kawaida. Wa pili, kawaida. Kwa wa tatu mkono wake ukasita hewani.

Barakoa ya mtu yule ilikuwa ya kijani, na ua kubwa la njano lilikaa sawia juu ya pua.

Akarudisha macho kwa wa pili: kijani, nusu ya ua. Wa kwanza: kijani, jani na bua. Akanyanyua kichwa akaitazama foleni yote, na pazia la sebule yake lilikuwa limetandazwa pale, vipande vipande, toka mlangoni hadi kwenye kona. Alihesabu mpaka ishirini na saba, akaacha.

"Barakoa yako nzuri, dada," alimwambia mwanamke wa karibu. "Umeipata wapi?"

"Kwa fundi mmoja, nyuma ya kituo cha maji. Wewe nenda kwake tu. Barakoa zake zina bahati." Mwanamke akasogea, akapunguza sauti. "Ukinunua, anakuambia lori linakuja lini. Mkewe anafanya kazi humuhumu ndani. Nyinyi hamfahamiani?"

Koplo alimwelekezea kipimajoto kwenye paji la uso. "Joto lako sawa," alisema. "Ingia."

Kazi aliimaliza. Hakujua aliimaliza vipi. Saa tisa alasiri alifika nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze hakuoga uani. Aliingia moja kwa moja akasimama mbele ya cherehani na viatu vyake.

"Umewaambia watu wangapi?"

Fundi alianza kusema watu gani, akaona uso wa mkewe, akaacha. Aliondoa mguu kwenye kanyagio.

"Sikumwambia mtu kwa ubaya," alisema. "Wa kwanza alikuwa mama mmoja na mtoto mgongoni. Alikuwa analia, mke wangu. Kazunguka maduka mawili hakuna sabuni. Nikamwambia nenda kesho mapema. Basi. Akamleta dada yake. Dada akaleta jirani. Mwezi mzima hakuna aliyebisha hodi hapa, halafu ghafla barazani watu wanajaa, wananiita bwana fundi, wananisikiliza nikisema. Ningewafukuza?"

"Na Shangazi je?"

Macho ya fundi, bila yeye kutaka, yakaenda kwenye mlango wa chumba cha kulala, na Koplo hakuwa mtu wa kukosa kuona macho yalikoelekea. Aliingia chumbani, akapiga magoti, akainua shuka lililoning'inia kitandani. Mumewe ndiye aliyefagia chumba hicho siku hizi, kwa kuwa yeye alitoka alfajiri akarudi kachoka. Alivuta boksi moja, la pili likafuata. Sabuni, zimepangwa vizuri kama matofali. Pakiti kumi na moja za sukari. Mafuta ya kupikia.

"Walileta wenyewe," fundi alisema kutoka mlangoni. "Ni shukrani. Sikuiba."

"Najua hukuiba."

"Wewe unakagua mifuko ya watu kutwa, nikaona nikikuambia utaona vibaya."

Koplo alikaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Alijaribu kumkasirikia mumewe, na alimkasirikia kwelikweli, lakini kila alipofika mwisho wa hasira alijikuta yeye mwenyewe amesimama pale. Fundi asingejua lori bila kuambiwa. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeitoa siri ile nje ya geti, tena kila mara, kwa mdomo wake, akiwa ameketi kwenye kiti chake anapumzisha miguu.

"Tukae kimya," fundi alisema taratibu. "Mimi sitasema tena kwa mtu. Shangazi ni mtu mzima, ana watu wake. Wewe ukijitaja leo, kesho huna kazi, na barakoa peke yake haitoshi nyumba hii."

Koplo akakaa kimya, siku mbili. Siku ya pili meneja alimwita tena, akafunga mlango tena.

"Haijakoma," alisema meneja. "Maana yake Shangazi alikuwa na mwenzake. Nimefikiri usiku kucha. Dereva. Huenda ghala wanamdokeza mapema, mwangalie. Na yule keshia aliyepewa funguo, naye mwangalie. Wewe jicho lako halikosei."

Koplo alimtazama yule bwana mwembamba, akaona jinsi jambo hili litakavyoendelea. Leo dereva, kesho keshia, keshokutwa msafishaji, na kila mara yeye ndiye atakayepanda ngazi kuja kusema nimesikia kwa masikio yangu.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyetoa siri. Nilimwambia mume wangu nyumbani, yeye akawaambia wateja wake. Shangazi hakuwa na neno."

Kitu cha kwanza meneja alichouliza kilikuwa, "Umeshamwambia nani mwingine?" Kisha akainuka, akahakikisha mlango umefungwa. "Sikiliza. Barua imeshakwenda makao makuu. Nimeandika kwamba mhusika amepatikana. Nikiandika tena kwamba hakuwa yeye, mimi naonekana nini? Mwambie mumeo afunge mdomo, mambo yaishe."

"Usipoandika wewe nitaandika mimi."

"Utafukuzwa."

"Basi nifukuzwe kwa langu."

Alipotoka pale alikwenda kwa Shangazi na sare yake mwilini. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili mwisho wa safu, madirisha yamefungwa yote na joto lile. Majirani wawili walisimama kwenye milango yao wakitazama. Kabla hajabisha alisikia kikohozi ndani, kirefu, cha kuvuta pumzi kwa tabu. Mlango ukafunguka nusu, Shangazi akatoka akaufunga haraka nyuma yake.

"Umekuja kunusa hadi huku?"

"Nimekuja kukuambia ni mimi, Shangazi. Siri ya lori niliitoa mimi bila kujua, kupitia kwa mume wangu. Na niliyekusema kwa meneja ni mimi pia."

Kikohozi kikasikika tena, na Shangazi akageuza kichwa haraka kuona kama majirani wamesikia.

"Ni mama yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Ana pumu, anayo tangu ujana wake. Lakini siku hizi nani anangoja kuelezwa? Mwenye nyumba akisikia, tuko barabarani. Muuguzi anakuja kumtazama asubuhi na mapema, kabla watu hawajaamka. Ndiye niliyekuwa nikiongea naye. Na kwenye mkoba nilikuwa nabeba dawa za kifua. Ulitaka niziweke mezani pale mlangoni?"

"Ungeniambia, Shangazi."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungeniambia kweli?"

Shangazi alifikiri. "La," alisema hatimaye. "Nisingekuambia. Umesimama mlangoni na hicho kidude chako, ningejuaje ungefanya nini?" Akashusha pumzi. "Lakini mimi nilikuogopa tu, Koplo. Sikukusema kwa mtu."

Koplo aliomba radhi. Shangazi alisema amesikia. Hakusema zaidi ya hapo, akarudi ndani kwa mgonjwa wake.

Koplo aliandika barua, ukurasa mmoja, akaipeleka mwenyewe makao makuu. Jibu lilichukua siku tisa. Meneja alihamishiwa tawi jingine, na Koplo akapewa onyo la maandishi na kuondolewa mlangoni. Sasa alikusanya matoroli kwenye uwanja wa magari, juani. Fundi alibeba yale maboksi ya chini ya kitanda mchana kweupe mpaka zahanati, akayaacha hapo. Njiani watu walimwona, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unasema fundi ni mlanguzi wa sabuni. Wateja wakapungua. Alijaribu kujieleza kwa wawili watatu, akaona wanamtazama mikono, akaacha.

Shangazi alirudishwa kazini na funguo zake. Jambo la kwanza alilomwambia meneja mpya ni kwamba siri yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwatia watu kichaa. Tangu siku hiyo siku ya lori iliandikwa kwa herufi kubwa mlangoni, na watu wakapewa namba. Wiki ya kwanza walikuja mia mbili. Ya pili, themanini. Ya tatu walikuja watu wa kawaida, kununua vitu vya kawaida, ingawa bado walichunguliana vikapu.

Lori la wiki hiyo ya tatu lilifika na mpakuzi mmoja amekosekana. Dereva alishuka akauliza nani atasaidia kushusha. Shangazi alisimama kwenye geti la nyuma, akatazama uwanjani alikokuwa Koplo na safu yake ya matoroli.

"Mwite yule," alimwambia dereva.

"Yule? Nasikia nyinyi wawili hamwivi."

"Sijamsamehe bado," alisema Shangazi, wala hakupunguza sauti. "Lakini kazi anaijua."

Koplo alisikia kila neno. Aliyafunga matoroli yake kwa mnyororo, akaja, akashika upande mmoja wa boksi la kwanza, Shangazi akashika wa pili. Lilikuwa zito. Walilibeba hivyo mpaka stoo, wakaliweka chini, wakarudi kuchukua jingine.